Kazi Yangu Ilikuwa Kusikiliza Mwamba

Vijana, mimi nilifukuzwa kazi posta ya Bukoba kwa kosa la kusikiliza. Nalisema mwenyewe mapema, asije mwingine akawasimulia kwa ubaya zaidi. Nilikuwa najifunza simu ya maandishi, ile ya kugonga kwa kidole, nikawa mwepesi kupita kiasi. Ningeweza kukaa barazani na kikombe cha chai huku nasoma kwa masikio habari zinazoingia ndani. Siku moja mfanyabiashara wa kahawa alikuja kuchukua simu yake, nami nikampa pole ya kufiwa na shangazi kabla hajafungua karatasi. Mkuu wa posta akaniita.

"Swaibu," akasema, "una masikio mazuri na mdomo mbaya. Katafute kazi inayohitaji kimoja tu."

Kazi hiyo ilikuwepo, ila mimi sikujua. Miezi michache baadaye alifika mjini Mzungu mmoja mrefu, mhandisi, jina lake Hollis, ametoka kwenye migodi ya huko kusini. Alikuwa anamtafuta mtu asiyechoka kusikiliza. Watu wakamwambia yupo mmoja, anasikiliza hata asipolipwa. Akanikuta Rwamishenye kwa mama yangu, nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi kama bibi harusi mpya.

Mtihani wake ulikuwa huu. Alinipeleka kwenye ghala lenye magunia matano ya kahawa, akaniambia amefukia saa yake ndani ya gunia moja, nimtajie lipi. Nikainamia gunia moja baada ya jingine.

"Saa iko gunia la nne," nikasema. "Na gunia la pili lina panya."

Wakafungua yote mawili. Hollis akachukua saa yake, mwenye ghala akachukua fimbo, na mimi nikapata kazi.

Sasa nyinyi mnaokwenda kusomea mambo ya mitikisiko ya ardhi, mna mashine zinazojiandikia zenyewe. Sawa, sina wivu. Lakini ngoja niwaeleze tulivyofanya sisi enzi za Waingereza, maana mwamba wenyewe haujabadilika.

Ng'ambo kidogo ya Izigo, kule Muleba, palikuwa na machimbo ya mawe. Wanaume walipasua mawe kutoka kwenye genge, yaani ukuta wa mwamba uliosimama wima kama kanisa, na juu yake kulikuwa na vibanja vya watu, migomba na mibuni mpaka ukingoni. Chini ya genge waliketi wanawake wakiponda kokoto. Walikaa pale pale chini kwa sababu moja tu, kivuli. Genge hilo lilikuwa limeshadondosha kipande mara moja, usiku, pasipokuwa na mtu, na kampuni ikaogopa. Ndipo wakamleta Hollis.

Mwamba, vijana, hauanguki ghafla. Sisi ndio tunaoshtuka ghafla. Kabla ya kuanguka hukatika ndani kwa ndani, vipande vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni, na kila unapokatika hutoa mlio kama ukuni mkavu unaovunjwa mbali. Hollis alitoboa genge mahali patano na kupachika vyombo vya kunasa mlio huo. Vilifanana na makopo ya maziwa, kwa hiyo sisi tuliviita vikopo. Waya zilishuka hadi kwenye kibanda changu cha nyasi, zikaingia kwenye sanduku lenye taa za kioo zilizowaka kama makaa, likiendeshwa kwa betri ya lori. Nami nilivaa masikioni vipande viwili vyeusi, nikakaa, nikahesabu. Milio michache kwa saa, mwamba unajinyoosha tu kama mzee anayeamka. Milio ikiongezeka na kukaribiana, gonga kengele, watu watoke. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti.

Siku ya kwanza alinijia nyapara wa machimbo, Ta Rwegasira. "Ta" ndivyo Wahaya tunavyomwita mwanamume wa kuheshimiwa. Yeye alikuwa mtu wa Izigo, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili na kugombana kila Jumatatu. Alitazama sanduku langu, akatazama vile vitu vya masikioni.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayetuambia jiwe linasema nini."

"Ndiyo, Ta."

"Linasema Kiingereza?"

Akachukua mtaimbo wake, akasimika ncha moja kwenye ufa wa mwamba, ncha nyingine akaing'ata kwa meno. Akafumba macho. Mate yakamtiririka kidevuni. Kisha akautoa mtaimbo mdomoni na kujifuta.

"Leo limelala," akasema. "Mimi nimeanza kuling'ata kabla hujaota ndevu. Wewe kaa na sanduku lako, ila usinizibie njia."

Msicheke. Njia ile ni ya kweli. Chuma husafirisha mlio hadi kwenye jino, na jino hadi kwenye fuvu. Nami nilijaribu. Nilijifunza mambo mawili: kwamba mtaimbo wa Ta Rwegasira ulikuwa na ladha ya tumbaku, na kwamba kweli unasikia. Tatizo lake ni kwamba unasikia mahali pamoja tu, tena kwa dakika chache, maana hakuna mtu anayeweza kukaa na chuma mdomoni kuanzia asubuhi hadi jioni.

Niliharibu mengi mwanzoni. Kikopo cha nne nilikipachika kwenye udongo badala ya mwamba, kwa uvivu, kwa kuwa udongo ulichimbika. Wiki nzima kikanipa habari za mizizi ya migomba na za mbuzi wa jirani. Basi andikeni hili: fukua mpaka ukutane na jiwe lililo hai, lisafishe, kisha gandisha chombo kwa saruji. Ukiona kazi hiyo ni rahisi, hujaifanya.

Kuhesabu nako kulinitesa. Mkono mmoja ukiandika, sikio linapotea. Nikabuni mbinu ya buni: kila mlio, naweka punje moja ya kahawa kwenye kibuyu, saa ikiisha nazihesabu na kuandika. Nikajisifu sana kwa akili hiyo. Sasa mnajua desturi ya kwetu, mgeni akija anapewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa. Na mimi nilikuwa nimechukua hizo hizo. Alasiri moja Ta Rwegasira aliingia kunisalimu, akaona kibuyu, akatia mkono. Mimi nimefumba macho nasikiliza. Nilipofumbua nikamkuta anatafuna.

"Ta! Hiyo ni hesabu ya mwamba!"

Akatafuna polepole, akameza. "Mwamba wako," akasema, "umeungua kidogo."

Siku ile kwenye daftari niliandika: saa tisa, haijulikani, nyapara amekula. Hollis aliisoma mara mbili. Kisha akaniletea kokoto ndogo za kuhesabia.

Ziwa lilinisumbua pia, hadi nilipolizoea. Hamwezi kuamini, lakini mawimbi ya Nyanza yakipiga pwani kwa nguvu, nchi kavu nzima hunguruma chini chini, hata mbali na maji. Masikioni husikika kama mtu anayesaga mtama nyumba ya tatu. Upepo wa kusini ukivuma, ule mngurumo ulifunika milio midogo yote, nami nilikuwa nakereka. Hollis ndiye aliyenifundisha kutokerwa nao. "Mtikisiko wa ziwa haukomi," alisema. "Ujue vizuri ulivyo, ndipo utajua kisichokuwa ziwa." Baada ya mwaka nikawa najua ziwa limechafuka kabla wavuvi hawajarudi. Nikajivuna, nikaanza kuwatabiria watu hali ya hewa, nikakosea mara mbili, nikaacha.

Lakini kosa lililonipa jina ni la ndizi.

Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, mama ni Mhaya. Pombe nyumbani kwetu haikuingia, wala habari zake. Basi asubuhi moja nimekaa, kikopo cha tatu, kile cha juu kabisa ukingoni, kikaanza: du-tik, du-tik, du-tik. Milio mingi, ya haraka, isiyokoma. Kokoto zangu zikaisha. Nikatoka mbio nikagonga reli kama mwehu.

Watu wote wakatoka. Wanaume wakatupa nyundo, wanawake wakakimbia na vikapu, lori likaachwa likinguruma. Tukasimama barabarani tukalitazama genge. Genge nalo likatutazama. Hata jiwe la ukubwa wa yai halikudondoka. Mwishowe Ta Rwegasira akapanda juu kuangalia. Akashuka akiwa amejishika mbavu.

"Njoo, Swaibu. Njoo uone mwamba wako."

Juu pale, hatua chache kutoka kikopo cha tatu, mwenye kibanja alikuwa amelaza mtumbwi wa kukamulia, ameujaza ndizi mbivu na majani makavu, na ndani yake wanaume wanne, suruali zimekunjwa hadi mapajani, wanazikanyaga kwa mwendo mmoja wakiimba. Walikuwa wanakamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya harusi ya binti yake.

"Karibu," mmoja akaniambia bila kuacha kukanyaga.

Kuanzia siku hiyo nikaitwa Bwana Ndizi. Kiongozi wa wanawake wa kokoto, Ma Kokushubira, mwanamke mwenye mabega mapana na ulimi mrefu kuliko mabega, hakuniona bila kuniuliza: "Bwana Ndizi, leo zimeiva?" Hayo ningeyavumilia. Kibaya ni kwamba meneja wa machimbo, aliyekaa ofisini Bukoba, alipata hasara ya nusu siku, akaandika amri: kengele isigongwe tena bila kibali chake cha maandishi. Na ili nisisahau, wakaja kuchukua ile nyundo ya kugongea reli.

Fikirini. Genge liko Muleba, kibali kiko Bukoba, na barabara ina madimbwi ya kuogelea kiboko.

Ndipo ikaja mvua ya vuli. Ilinyesha siku nyingi mfululizo, ikaloanisha kila kitu hadi kiberiti. Hollis alikuwa ameondoka kwa meli kwenda Mwanza kutafuta taa mpya za sanduku, maana mbili zilikuwa zimeungua na vikopo viwili vilikuwa bubu. Nilibaki na vitatu. Asubuhi mvua ilipokatika na jua likatoka, nilivaa masikio yangu, na mwamba ukaanza kusema.

Ulisema tofauti. Siwezi kuwafundisha hili kwa maneno, lakini nitajaribu. Haukuwa na mwendo wa miguu wala nyundo. Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya kifupi. Kisha milio mingi kwa pamoja, mikavu, kama mtu anayevunja maganda ya karanga kwa uchoyo. Nilipanda ukingoni kwanza, nikatazama kama kuna anayekamua. Hapakuwa na mtu. Nikashuka, nikahesabu tena. Ilikuwa imeongezeka.

Nikamwendea Ta Rwegasira. Akang'ata mtaimbo wake mahali pawili.

"Sisikii kitu," akasema. "Umechoka, mwana wange. Unasikia damu yako mwenyewe."

"Ta, watoe watu."

"Kibali kiko wapi?"

"Kitafika kesho, lori likirudi."

"Basi watatoka kesho."

Hakusema kwa ukatili. Alikuwa ameonywa kwamba nusu siku nyingine ikipotea, unyapara wake nao umepotea. Nilisimama pale natazama wanawake. Walikuwa zaidi ya ishirini, wamekaa kivulini, miguu imenyooshwa, wanaponda na kucheka. Ma Kokushubira akaninyooshea kidole akasema jambo, wakacheka zaidi. Nikajua nikiwaambia genge linaanguka, watauliza nani anakamua leo.

Basi nikasema uongo. Nilipanda juu ya rundo la kokoto nikapaza sauti hadi mishipa ikanisimama:

"Senene! Senene wameshuka rweya! Ng'ambo ya barabara, nyasi zimejaa, zimelala kwa uzito!"

Kama hamjawahi kumwona Mhaya akisikia habari za senene, wale panzi wetu wa kukaanga, hamjaona kitu chepesi. Rweya ni mbuga ya nyasi, ilikuwa upande wa pili wa barabara, mbali na genge, ndiyo maana niliichagua. Wanawake waliinuka kwa pamoja kama ndege. Vikapu vya kokoto vikamwagwa. Wanaume nao wakatazamana mara moja tu, nani abaki na nyundo wakati wenzake wanajaza mifuko? Hata dereva wa lori akavua shati alifunge liwe mfuko. Machimbo yakawa matupu kabla sijashuka kwenye rundo.

Ta Rwegasira peke yake hakukimbia. Alinijia taratibu.

"Senene hawashuki siku kama hii," akasema. "Hakuna ukungu. Unasema uongo."

"Ndiyo, Ta."

"Ni jiwe?"

"Ni jiwe."

Akatazama genge, akatazama mtaimbo wake, akanitazama mimi. "Meno yangu hayajasikia kitu," akasema. "Lakini wewe ni mwoga mno, huwezi kudanganya Wahaya kuhusu senene kwa mchezo. Twende."

Tukavuka barabara. Na hapo, vijana, ndipo nilipopata shida ambayo sikuifikiria. Mwamba haukuwa na haraka. Watu walifika rweya, wakapekua nyasi, hawakukuta hata mguu wa senene. Wakapekua tena. Muda ukapita. Kisha nikawaona wanarudi, safu moja ndefu, Ma Kokushubira mbele na kikapu kitupu mkononi, na genge bado limesimama, zuri, linang'aa kwa jua.

Nikasimama katikati ya njia, pale inapopita kati ya mawe mawili makubwa.

"Senene wako wapi, Bwana Ndizi?"

"Wameondoka. Mmechelewa."

"Wameondoka wakaenda wapi?"

"Mjini."

Kikapu kikanipata sikioni. Nikaona wengine wananizunguka wapite. Wakipita, watarudi kivulini. Sikuwa na uongo mwingine kichwani, kwa hiyo nikatumia kitu nilichokuwa nacho, ule mdomo mbaya wa posta.

"Na hata mngewapata," nikasema kwa sauti, "mngewapika vipi? Ndizi za wanawake wa Izigo nimezila. Afadhali kokoto. Kokoto angalau hazijifanyi chakula."

Hata waliokwisha kunipita wakageuka.

"Umesemaje?"

"Nimesema ndizi zenu zinateleza kooni kama kamasi, na maharage yanagonga bakuli. Mama yangu akipika maji yanakuwa na ladha kuliko mchuzi wenu."

Wakarudi wote. Sijawahi kuzungukwa na hasira kama ile, na nyingine ilikuwa na mikono. Nilivutwa kanzu, nilitupiwa matope, nikaulizwa nimeletwa na nani na nitazikwa na nani. Nami nikaendelea, nikataja chumvi, nikataja moshi, nikataja majivu ndani ya maziwa. Nilipoanza kuishiwa, nikasikia sauti nyuma yangu, nzito na yenye huzuni:

"Anasema kweli," alisema Ta Rwegasira. "Na mke wangu ndiye anayeongoza."

Mke wake alikuwa pale, mstari wa pili. Mzee yule alikula kwa jirani mwezi mzima baada ya siku hiyo.

Walikuwa wanamgeukia yeye sasa, ndipo tukasikia. Haukuwa mshindo mwanzoni. Ilikuwa kama mtu anayevuta kitambaa kizito sakafuni. Kisha genge likainama, upande wote wa kivuli, taratibu hata ungedhani linatafuta kitu lilichoangusha, na ardhi ikaruka chini ya miguu yetu. Vumbi lilitufikia barabarani. Lilipotulia, pale wanawake walipokuwa wakiketi palikuwa na kilima.

Ma Kokushubira alikuwa bado ameshika kanzu yangu shingoni. Aliiachia kidole kimoja kimoja. Akaanza kuhesabu wenzake, akiwagusa vichwa.

Nami nikajikuta natabasamu, naona haya kuwaambia. Nilitabasamu. Mpaka mtu mmoja akauliza:

"Byabato yuko wapi?"

Byabato alikuwa mhunzi wa machimbo, ndiye aliyenoa tindo na mitaimbo. Kibanda chake cha mabati kilikuwa pembeni, karibu na mguu wa genge. Nyundo na baruti zilikuwa zimekula masikio yake miaka mingi nyuma. Alikuwa hasikii kabisa. Mimi nilipanda juu ya rundo nikapiga kelele za senene hadi mishipa ikasimama, na sikufikiria hata mara moja kwamba kuna mtu mmoja ambaye kelele hazimfai. Mtu wa masikio alimsahau kiziwi.

Tulichimba kwa mikono. Ma Kokushubira alinyanyua mawe ambayo wanaume wawili waliyaacha. Bati lilikuwa limelalia fuawe lake, likaacha uwazi mdogo, na ndani ya uwazi huo Byabato alikuwa hai, uso mweupe kwa vumbi, mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Njia nzima niliibeba pembe moja ya machela, sikumruhusu mtu kunipokea, na njia nzima nilikuwa siwezi kumtazama usoni.

Nilikwenda kumwona siku ya tatu. Kuongea aliongea vizuri, kusikia ndiko kulikokuwa kumekwisha, kwa hiyo nilipiga magoti kando ya kitanda nikajigonga kifua, nikaonyesha masikio yangu, nikaonyesha yeye. Machozi yalikuwa yananitoka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

"Unalia nini, Swaibu? Nilijua."

Nikamwonyesha kwa mikono: ulijua nini?

"Siku tatu," akasema, "unga wa chuma ulikuwa unacheza juu ya fuawe langu, na mimi sijagonga. Nikiweka nyundo chini, unacheza. Nyayo zikawa zinaniwasha, kama nimesimama juu ya siafu. Nikasema, genge hilo lina jambo. Kisha nikasema, aa, wenye masikio wanajua. Tena kuna mmoja analipwa kwa kusikia tu. Kama kungekuwa na neno, angeniambia."

Vijana, nimefanya kazi hii miaka mingi baada ya hapo. Nimesikiliza migodi ya bati kule Karagwe, nimesikiliza madaraja, nimeona masanduku yakipata kalamu za kujiandikia kwenye karatasi iliyopakwa masizi, nikaona na hizo zikitupwa. Sijawahi kusikia kitu kilichonipasua kama maneno yale. Siku tatu! Mimi nilianza kusikia asubuhi ile ile.

Basi shikeni hili kuliko yote niliyowaambia ya saruji na kokoto. Mkifika mahali pa kazi, kabla hamjafungua sanduku, ulizeni watu. Muulizeni mpishi kama vyungu vinatetema. Muulizeni mchungaji ng'ombe wanakataa kulala wapi. Ulizeni ni nani hasikii, nani haoni, nani hawezi kukimbia, na muwaandike ukurasa wa kwanza. Milio ihesabuni baadaye.

Hollis alirudi na taa zake mpya, akakuta hakuna genge. Meneja alikuwa ameshaniandikia onyo kwa kuwaondoa wafanyakazi kazini bila kibali cha maandishi. Ninalo hadi leo, limetiwa sahihi vizuri sana. Hollis akalisoma, akalikunja, akanirudishia. Kisha akanikalisha tuandike taarifa yake. Palikuwa na mahali pa kujaza: chombo kilichotangulia kugundua. Nikaandika: miguu ya mhunzi Byabato, siku tatu kabla.

Akakata kwa wino mwekundu. Nikaandika tena chini yake. Akakata tena.

"Swaibu, hii ni taarifa ya kitaalamu."

"Ndiyo, bwana. Twende hospitali ukamweleze mtaalamu mwenyewe."

Akaja, kwa hasira nadhani. Alikaa kwenye kitanda cha Byabato karibu saa nzima, mimi nikitafsiri kwa mikono na mdomo, na alipotoka hakuwa na hasira tena. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyetafuta miwani yake nyumba nzima na kuikuta puani.

Miezi ilipita, Byabato akatoka na gongo, machimbo yakahamishiwa kwenye genge jingine mbele kidogo. Tulikwenda kulikagua watu wanne: Hollis, Ta Rwegasira na mtaimbo wake, mimi na waya zangu, na Byabato akichechemea nyuma. Tulipofika juu, Hollis hakufungua sanduku. Akaketi juu ya jiwe, akafungua kamba za viatu vyake vikubwa, akavivua, akaviweka sawasawa ubavuni. Kisha akasimama juu ya mwamba, mikono nyuma, amefumba macho, anasubiri.

Byabato alimtazama kitambo. Halafu akanigusa bega kwa gongo lake.

"Mwambie," akasema, "avue na soksi."